Kitabu cha Kazi cha Kabula

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu, na wala haikuwa siku kubwa. Ilikuwa asubuhi ya kiangazi, vumbi la Tabora limeshaingia mpaka kwenye kikombe cha chai, na mimi nilikuwa mwalimu kijana wa ufundi umeme, mwaka wangu wa tatu kazini. Tarishi akaniletea barua kutoka chuo cha ufundi ambacho wanafunzi wetu wote wa kidato cha nne walikuwa wakikiota. Barua ilisema kwamba, kwa shule za ufundi, atakayeitwa kwenye usaili ni yule tu ambaye kitabu chake cha kazi kimejazwa kurasa zote, na vitabu vyenyewe vifike chuoni kabla ya mwezi kwisha.

Jina la shule nitalimeza. Kosa lilikuwa langu mimi, na shule haina haja ya kubebeshwa.

Kwanza nikueleze kitabu cha kazi kilikuwa kitu gani. Kila mwanafunzi wa ufundi alipewa kitabu chenye jalada la kijivu, na kila ukurasa ulikuwa na kazi moja ya mikono: kufunga soketi, kuunga waya, kuweka taa moja inayowashwa kutoka sehemu mbili, na nyingine za namna hiyo. Mwanafunzi akiifanya kazi mbele ya mwalimu, mwalimu anaandika tarehe na maoni, anaweka saini, na muhuri wa karakana unagongwa. Cheti cha mtihani kiliwaambia watu wa chuo kichwa cha mtoto kina nini. Kitabu cha kazi kiliwaambia mikono yake imeshafanya nini. Walikiamini, na pale kilipoishia ndipo wao walipoanza kufundisha. Hilo ulishike, kwa sababu habari yangu yote inategemea hapo.

Shida yetu ni kwamba transfoma ya shule ilikuwa imeungua tangu mwanzo wa mwaka. Tuliandika barua, tukajibiwa tusubiri, tukasubiri. Karakana ya umeme ikakaa mwaka karibu mzima haina umeme. Usinicheke, ndivyo ilivyokuwa. Nikafundisha kwa chaki. Nilichora saketi nzuri ubaoni, na wanafunzi wangu kumi na wawili walizinakili kwa rula na penseli za rangi, wakafaulu majaribio yote ya karatasi. Lakini kurasa sita za mwisho za kitabu, zile za kazi zinazofanywa umeme ukiwepo, ambazo mwanafunzi hakuruhusiwa kuzianza kabla ya kidato cha nne, zilibaki nyeupe kwa wote.

Mkuu wa karakana alikuwa Mzee Sudi. Huyu alikuwa mtu wa Tabora mjini hasa, wa ukoo uliokuja na misafara ya zamani ukabaki. Alifanya kazi ya umeme kwenye reli maisha yake yote ya ujana na utu uzima kabla ya kuja kwetu. Cheti hakuwa nacho hata kimoja. Mimi nilikuwa nacho, cha Dar es Salaam, tena nimekitia kwenye fremu, na nikikuambia kwamba nilimdharau yule mzee nakuambia kweli. Nilimwamkia kila asubuhi kama adabu inavyotaka, shikamoo Mzee Sudi, naye akaitikia marahaba mwalimu, lakini moyoni nilimwona ni mtu wa bisibisi tu.

Siku zile umeme ulipokuwepo alikuwa na desturi moja iliyonichosha. Kabla ya kugusa waya wowote, hata kama swichi kubwa imezimwa mbele ya macho yake, alichukua testa, ile bisibisi yenye kitaa kidogo ndani kinachowaka penye umeme, akaenda kuijaribu kwanza mahali anapojua umeme upo. Ikiwaka, anarudi kupima waya wa kazi. Halafu anakwenda tena kulekule kwa mwanzo kuijaribu mara ya pili. Ndipo anagusa. Safari zote hizo kwa waya mmoja! Nilimuuliza siku moja kwa nini anajichosha.

"Kitaa kisipowaka, mwalimu, huenda umeme haupo," akasema. "Au huenda kitaa kimekufa. Wewe utajuaje ni kipi?"

Nikasema ndiyo mzee, nikaondoka huku natabasamu. Kazi hiyo ya kupima ndiyo iliyokuwa kwenye ukurasa wa mwisho kabisa wa kitabu.

Barua ya chuo ilipofika nilimwonyesha. Aliisoma pole pole, akairudia, kisha akasema liko jambo la kufanya. Kule Tura, mashariki ya mji kwenye reli ya kati, palikuwa na jenereta inayowashwa kila siku pale stesheni, na mafundi wake aliwafundisha yeye mwenyewe. Tuwapeleke watoto kwa treni, tukae siku nne, tulale kwenye madarasa ya shule ya msingi, na kila mmoja afanye kazi zake sita kwa mkono wake.

"Wote hawatamaliza," akasema. "Labda saba, labda wanane. Waliobaki wataomba mwakani."

Nikamwambia nitafikiria. Nilichofikiria ni kubanana daraja la tatu na watoto kumi na wawili na masufuria yao. Nilifikiria pia kwamba mkuu wa shule alikuwa ameshatangaza mbele ya wazazi kuwa safari hii darasa la umeme litaitwa chuoni lote, na mimi niliyekuwa nimesimama pembeni yake nikapigiwa makofi. Wanane wangekuwa aibu. Ndivyo nilivyoona wakati ule, na leo naona haya kulisema.

Siku ya pili yake mchana, walimu wenzangu walipokwenda kula, nilifunga mlango wa ofisi nikavipanga vitabu mezani. Nikasaini. Kurasa sita za kila mtoto, watoto kumi na wawili. Nilikuwa na kalamu tatu, moja nyeusi, moja ya bluu, na nyingine ya bluu iliyofifia, ili ionekane ni kazi ya siku mbalimbali. Niliweka kalenda mbele yangu nisije nikaandika Jumapili. Hata maoni niliandika: vizuri, ameelewa, mwangalifu. Muhuri wa karakana ulikuwa kwenye droo isiyofungwa, kwa sababu Mzee Sudi hakuwahi kufikiri kwamba yupo mtu wa kumfungia. Nilipomaliza vidole vilikuwa vinauma, na nilijiona mtu mwema sana. Ningependa ujue hilo. Sikujiona mwongo hata kidogo, nilijiona nimewasaidia watoto wa maskini wavuke.

Jioni niliwapa vitabu waandike majina yao kamili kwenye jalada. Wakashangilia, mmoja akaniita baba. Aliyekaa kimya alikuwa Kabula.

Kabula alikuwa binti wa Mzee Mihayo wa Ipole, mrina asali na mkulima wa tumbaku, familia ya Kimoraviani. Wasichana katika darasa langu walikuwa wawili tu, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza katika wote, wavulana wakiwemo. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ndogo, na tabia moja iliyonikera: hakukubali kuandika kitu asichokielewa. Likizo moja alitengeneza kipaza sauti cha kwaya yao, kile cha kutumia betri ya gari, na kilipopona akakifungua upya ili ajue kwa nini kimepona, mpaka mchungaji akaogopa. Mzee Sudi alimpenda sana. Nami nilimpenda, nisijisingizie, lakini nilimpenda zaidi alipokuwa amenyamaza.

Alinifuata mlangoni mwa karakana, kitabu amekifungua ukurasa wa mwisho.

"Shikamoo mwalimu. Huu hatujafanya."

"Marahaba. Mmefanya ubaoni."

"Ubaoni tumechora, mwalimu. Hapa imeandikwa nimepima. Mimi sijawahi kuiona testa ikiwaka." Akanisogezea kitabu, akasema, "Naomba unionyeshe hata mara moja. Jumamosi naweza kuja popote."

Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nimeudhika kwa sababu alisema kweli. Nikamjibu maneno ambayo sijaacha kuyasikia mpaka leo.

"Kabula, hilo ni jambo dogo. Utaonyeshwa hukohuko chuoni. Wewe usiwaambie tu kwamba hujui."

"Nisiwaambie?"

"Watakurudisha nyumbani."

Akapiga goti kidogo, kama wasichana wa kwao wanavyofanya kwa mkubwa, akasema ahsante mwalimu, akaenda zake. Alikuwa mtoto mwenye adabu na alilelewa kumtii mwalimu, kwa hiyo alinitii.

Kesho yake Mzee Sudi akavikuta vitabu kwenye meza yangu, vimefungwa kwa kamba tayari kwa posta. Akafungua kamba. Nilipoingia nilimkuta amekaa kwenye kiti changu, kitabu cha Kabula kiko mbele yake, kidole chake kikubwa kimewekwa juu ya tarehe.

"Mwalimu, njoo. Siku hii umeandika huyu binti alipima umeme hapa karakana. Siku hii mimi na wewe tulikuwa makaburini tunamzika mpishi wa shule. Shule nzima ilifungwa."

Nilingoja anifokee. Akavua miwani, akaishika mkononi.

"Nikuulize. Huko chuoni watamfundisha nini?"

"Watamfundisha yaliyobaki, mzee."

"Yaliyobaki ni yapi? Umewaandikia hakuna kilichobaki. Mtoto asiye na saini watamsimamisha, watamwambia wewe bado, hebu njoo huku tukuonyeshe. Huyu wako hawatamsimamisha. Watampita. Wewe hukumfundisha, na sasa umemzuia na mwingine asimfundishe."

"Mzee, wakipungukiwa kurasa hawatawaita."

"Basi wasiitwe!" Hapo ndipo alipopandisha sauti. "Mtoto asiyeitwa yupo nyumbani kwao, anakula ugali!"

Aliniomba nizichane zile kurasa, twende Tura siku hizo chache zilizobaki. Muda ulikuwepo, mwanangu. Nimeuhesabu mara nyingi tangu siku ile, na kila mara naona ulitosha. Lakini nilikuwa na kiburi cha ujana, nikamwambia, kwa kile Kiswahili changu cha Dar es Salaam, kwamba yeye hajui taratibu za vyuo kwa kuwa chuo chenyewe hakukipitia. Nilimwambia hivyo mzee wa umri wa baba yangu, ofisini, mlango ukiwa wazi. Alinitazama, akavaa miwani yake, akaondoka. Mchana huo huo nilivipeleka vitabu posta kwa baiskeli.

Wakaitwa wote kumi na wawili. Mkuu wa shule akachinja mbuzi, nikapigiwa makofi tena. Mzee Sudi alikula ile nyama pamoja nasi, maana alikuwa mtu wa watu, lakini hakunitazama.

Kabula alishinda usaili, akaniandikia barua mbili kutoka chuoni. Ya kwanza ilikuwa ya furaha tupu. Ya pili ilikuja mwishoni mwa mwaka wa kwanza, naye akaniandikia kwamba ule ukurasa wa mwisho bado hajaonyeshwa. Wenzao waliotoka shule za kawaida walikuwa wamefundishwa kupima tangu wiki za mwanzo, lakini waliotoka shule za ufundi waliambiwa wao wameshapita hapo, wapelekwe mbele. "Nimekaa kimya kama ulivyoniambia," akaandika. Niliisoma barua ile mara moja, nikaikunja, nikaitia ndani ya kitabu. Nilijiambia nitamwandikia. Ningeweza kumwandikia kwamba aende kwa mkufunzi wake amweleze, na hapo mkosaji angekuwa mimi peke yangu. Sikuandika.

Mwaka wa pili chuo kiliwatoa wanafunzi kwa mafunzo ya kazini. Kabula na mwenzake mmoja walipangiwa kwa fundi fulani upande wa Nzega, mtu aliyekuwa akizunguka vijijini kutengeneza mashine za kukoboa mpunga. Niliyasikia haya baadaye kutoka kwa huyo mwenzake, aliyekuwepo siku ile. Palikuwa na mashine mbili ndani ya banda moja, na moja ilikuwa imegoma. Fundi akazima swichi ukutani, akampa Kabula testa yake, akamwambia apime kisha afungue nyaya, naye akatoka nje kuzungumza na mwenye mashine. Swichi aliyoizima ilikuwa ya ile mashine nyingine. Na testa ile kitaa chake kilikuwa kimekufa, hakuna ajuaye tangu lini.

Kabula akapima waya. Kitaa hakikuwaka. Akafanya kama nilivyowachorea ubaoni: kitaa hakikuwaka, basi umeme haupo. Akaushika waya kwa mkono.

Alikuwa na miaka ishirini. Mwenzake alisema hakupiga hata kelele.

Walipokuja kuchunguza, watu wa chuo walifungua jalada lake wakatoa kile kitabu cha kijivu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na tarehe, saini, muhuri, na neno langu, mwangalifu. Wakaandika kwamba marehemu alifundishwa utaratibu wa kupima tangu sekondari, aliuthibitisha kwa vitendo mbele ya mwalimu, na kwa hiyo ajali ilitokana na uzembe wake mwenyewe. Siwalaumu. Walisoma kilichoandikwa, na aliyeandika ni mimi.

Nilikwenda Ipole kuzika. Nilipanda lori lililokuwa likielekea huko kubeba tumbaku, kwa barabara ya Sikonge, nimekaa juu ya magunia matupu, na njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia baba yake. Niliyapanga vizuri kama ninavyopanga somo. Tulipomaliza kuzika, kwaya ikiwa bado inaimba, Mzee Mihayo akanifuata mwenyewe. Nikamwamkia kwa kilugha chao, mwangaluka baba, akaitikia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanipeleka pembeni, nyuma ya mabanda ya kukaushia tumbaku.

"Mwalimu," akasema, "wametusomea barua ya chuo. Nataka nikuombe radhi. Wewe ulimfundisha, wameandika kabisa ulimfundisha. Yeye ndiye hakusikia. Ametuaibisha, wewe na mimi."

Maneno niliyoyapanga yalikuwa yote mdomoni. Ilikuwa niseme tu, baba, mwanao aliniuliza, nami nikamnyamazisha. Nikamwangalia yule mzee, macho mekundu, shati la kanisani limelowa mgongoni, na nikasema, "Si kitu, baba. Ni kazi ya Mungu."

Akanishukuru. Nilimsingizia Mungu na kaburi bado bichi, na mtu akanishukuru.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja karakana. Mzee Sudi alikuwa peke yake, ameinamia mota anasuka waya wake. Nikamweleza yote, nikilia kama mtoto. Alisikiliza bila kuacha kazi mpaka nilipomaliza.

"Baba yake umemwambia?"

"Sikumwambia, mzee."

"Basi umemzika mara mbili," akasema. "Mara ya kwanza hukukusudia."

Hakulizungumza tena jambo hilo na mimi, mpaka anastaafu, mpaka tunamzika. Kila asubuhi nilimwamkia naye akaniitikia marahaba, na ningetoa chochote aniongezee hata neno moja la matusi.

Nikakaa na jambo lile miaka sita. Nikaoa, nikapata watoto, nikapandishwa cheo. Kila likizo nilijiambia hii ndiyo nitakwenda Ipole, na kila likizo nikapata udhuru. Mtu akitaka udhuru haukosekani. Siku nilipokwenda kweli nilimkuta mama yake Kabula barazani, anachambua majani ya tumbaku pamoja na binti mmoja kijana aliyebeba mtoto mgongoni. Nikauliza habari za Mzee Mihayo. Alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Nikakaa kwenye kigoda nikasema yote. Transfoma, kalamu tatu, Kabula mlangoni, barua yake ya pili, maneno ya Mzee Mihayo siku ya mazishi na jibu langu. Mama Kabula hakulia. Aliendelea kunyoosha majani juu ya goti lake, moja baada ya jingine.

"Kwa hiyo mwanangu alikuuliza," akasema.

"Aliniuliza, mama."

"Akataka aonyeshwe."

"Ndiyo."

Akamaliza jani lililokuwa mkononi. Kisha akamwonyesha yule binti kwa kidevu.

"Huyu ni Milembe, mdogo wake. Alichaguliwa shule yako, ufundi huohuo wa umeme. Baba yake akamkatalia. Akasema watoto wake hawasikii wakifundishwa, hawezi kuzika mwingine na kuaibika tena. Na jina la Kabula hakutaka litajwe humu ndani. Amekufa hivyo, mwalimu. Amekufa anamwonea haya mtoto wake."

Milembe aliinua macho akanitazama. Nilijiandaa kwa hasira, ningeipokea. Akaniuliza, kwa sauti ndogo ile ile ya dada yake, "Kwani sasa hivi naweza kwenda?"

Alikuwa ameolewa, ana mtoto, na nafasi ile alishapewa mwingine siku nyingi. Shule za jioni kwao hakukuwa na hata moja. Nikamwambia hapana. Ndiyo mara ya kwanza mtoto wa nyumba ile aliniuliza nikamjibu kweli papo hapo, na jibu lilikuwa hapana. Akarudi kwenye tumbaku yake. Mama yake akasema, "Nenda mwalimu, gari litakuacha," na hakunisindikiza.

Niliandika barua chuoni nikakiri, nikaomba waongeze karatasi kwenye jalada lake. Hawakunijibu. Mkuu wetu mpya wa shule alipopata habari aliniita akaniambia niache kufukua mambo ya zamani, nitaiharibia shule jina. Sijui mpaka leo kama ile karatasi ya uzembe bado iko peke yake. Nafikiri iko peke yake.

Sasa nyinyi, mwanangu, mnasoma huu mkondo wa amali, wa kujifunza kazi za mikono, na mimi nimeufurahia kuliko watu wanavyodhani. Mtoto kutoka sekondari na kazi mkononi, akaenda chuo, akatoka chuo akaenda kazini, hilo ndilo tulilolitaka tangu enzi zetu. Mnazo hata simu za kuwaonyesha fundi wa nchi za mbali akifunga waya. Lakini kutoka hatua moja kwenda nyingine kunategemea neno la mtu mmoja aliyesema, huyu nimemwona akifanya. Neno hilo likiwa la uongo, wote walioko mbele yako wanajenga juu ya uongo bila kujua, na anayekuja kuumia si aliyesema.

Kwa hiyo nakuambia hivi, na nakuambia kwa ukali kwa sababu sina muda wa kubembeleza. Ukurasa ambao hukuufanya, uende nao mweupe. Mwalimu akitaka kukuwekea saini kwa huruma, mkatalie kwa adabu, mwambie mwalimu nashukuru lakini hiki bado. Wakikucheka chuoni, wacheke. Wakikurudisha nyuma pamoja na wanaoanza, kaa na wanaoanza. Ukiambiwa utaonyeshwa hukohuko mbele, uliza ni nani huko mbele atakayejua kwamba hujui, kama wewe umenyamaza na karatasi imesema unajua. Na ukikuta mtu anakuagiza ufiche usichokijua, hata kama ni mimi, hata kama unamheshimu vipi, hapo usimtii.

Siku utakapokuwa wewe ndiye mwenye kalamu, na utakuwa, usiandike usichokiona kwa macho yako. Watakuita mkorofi. Baada ya Kabula niliitwa hivyo na walimu, na wazazi, na wanafunzi wenyewe, mpaka nikastaafu, na kila mwaka walikuwepo watoto waliobaki nyumbani kwa sababu yangu, wakinilaani. Niliwatazama wakinilaani wakiwa wazima. Na kama umeshakosea, rudi upesi ukaseme, kabla baba wa mtu hajafa anamwonea haya mwanawe asiye na kosa. Mimi nilichelewa, na kuchelewa kwangu kulimgharimu Milembe.

Basi nenda, mwanangu. Mungu akubariki mikono na macho. Akupe mwalimu wa kukukatalia, na akupe moyo wa kumshukuru siku hiyohiyo anapokukatalia. Kazi yako ikurudishe kwenu kila jioni kwa miguu yako mwenyewe, na jina lako litajwe nyumbani kwenu bila mtu kuinamisha kichwa. Amina.